Mheshimuni Anayekuja Uwanjani

Ndugu zangu wa mpira, wa Msimbazi na wa Jangwani, wa Mkwakwani, wa Sokoine, wa Kirumba na wa Kaitaba, nawasihi tuache kudanganyana. Kila majukwaa yanapobaki matupu, neno la kwanza kututoka mdomoni ni kiingilio. Punguzeni kiingilio, watu watakuja! Na kweli viongozi wa klabu hukipunguza, elfu tano ikawa elfu tatu, na jioni ya mechi viti vya mzunguko viko vile vile, wazi juani. Kisha kila mtu anakwenda zake ameridhika kwamba ametimiza wajibu. Hajautimiza. Tumeng'ang'ania dogo ili tusiguse kubwa.

Kubwa ndilo hili: tumemdharau shabiki. Tumedharau saa zake, usalama wake, mke wake, watoto wake na safari yake ya kurudi nyumbani. Mtu aliyedharauliwa harudi kwa punguzo la shilingi elfu mbili.

Tazameni mwezi wa nane unavyotusuta. Simba walianza Simba Day mwaka 2009, na Yanga wakaja na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Mechi yenyewe siku hiyo ni ya kirafiki. Haina pointi, haina kombe. Lakini Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 unafurika, na miaka ya karibuni tumezoea kusikia tiketi zimekwisha kabla ya siku yenyewe. Watu wanashuka kutoka Mwanza na Mbeya kwa mabasi ya kukodi, wamevaa jezi mpya zilizowagharimu mara kadhaa ya kiingilio. Wiki chache baadaye timu ile ile, wachezaji wale wale, wanacheza mechi ya ligi yenye pointi tatu, kiingilio ni cha chini, na ukikaa jukwaani unaweza kumtambua rafiki yako upande wa pili wa uwanja.

Mfuko wa yule shabiki haujatoboka ndani ya wiki hizo chache. Kilichotofautiana ni namna alivyoitwa. Mwezi wa nane anaambiwa tarehe mapema, akapata muda wa kudunduliza. Anaambiwa milango inafunguliwa asubuhi, nani ataimba, wachezaji wapya watatambulishwa saa ngapi. Anaona anasubiriwa. Kwenye ligi anaambiwa nini? Anaambiwa ratiba imebadilika.

Ratiba! Hapa ndipo nataka viongozi wa Bodi ya Ligi, wa TFF na wa klabu wanisikilize kwa masikio yote mawili. Mmetuzoesha viporo mpaka neno lenyewe halituchomi tena. Timu moja ina mechi tatu mkononi, nyingine imeshatangulia, mechi iliyopangwa Jumamosi inasukumwa Jumanne, ya Jumanne inapelekwa mkoa mwingine kwa sababu uwanja umefungiwa. Mtu anayelipwa kwa siku, anayeomba ruhusa kwa tajiri wake, anayepanga foleni ya basi, mnataka apange maisha yake kwa karatasi inayofutwa kila wiki?

Kumbukeni tarehe 8 Mei 2021. Watani wa jadi walikuwa wakutane saa kumi na moja jioni. Watu walikuwa wameshaingia, wengine tangu asubuhi, ndipo ikatangazwa kwamba mechi imesogezwa hadi saa moja usiku. Yanga wakaja kwa saa ya kwanza, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa ya pili, hawakumkuta mpinzani. Mpira haukuchezwa mpaka tarehe 3 Julai. Kumbukeni tena tarehe 8 Machi 2025: mabishano ya mazoezi ya usiku wa kuamkia mechi, Simba wakasema hawachezi, mechi ikaahirishwa siku ile ile ya kuchezwa, na dabi ya Kariakoo ikaja kupigwa tarehe 25 Juni. Sitaki kuamua leo nani alikuwa na haki ya kikanuni. Wanasheria wa klabu walishinda kwenye vyombo vya habari wiki nzima wakigombania vifungu. Nauliza swali ambalo halikupata mwanasheria: yule aliyetoka Songea kwa basi la usiku, aliyelala kituoni ili awahi, alirudishiwa nini?

Mama ntilie anayetangaza chakula saa saba na kupakua saa kumi hawezi kuponywa na kushusha bei ya sahani. Wateja wake hawalalamikii bei. Wameshahamia kwa jirani.

Na jirani yetu tunamjua. Ni kibanda umiza. Pale kijana analipa mia tano au elfu moja, anakaa kwenye benchi la mbao amebanwa mabega na wenzake, joto limewaka, na bado anaona ametendewa haki, kwa kuwa mechi ya Uingereza iliyoandikwa ubaoni kwa chaki kuanza saa kumi na moja inaanza saa kumi na moja. Hiyo heshima ya saa ndiyo inayomfunga pale. Tusimtukane kwamba hana uzalendo. Tujiulize tumemfanyia nini.

Nawaombeni sasa mnifuate mpaka geti la uwanja, kwa sababu wenye kuamua mambo haya huingia kwa gari na hawalijui geti. Kwenye uwanja mmoja mkubwa nilisimama nyuma ya baba mwenye mtoto begani, mtoto wa miaka saba hivi, usoni amechorwa rangi za timu. Tiketi walikuwa nazo, zimelipiwa tangu jana yake. Kimashine cha kusomea kadi kikagoma. Msimamizi akakifuta kwa shati, akakiinua juu kutafuta mtandao, akakipigapiga kiganjani. Foleni nyuma yetu ikaanza kusukuma. Askari akaja na kirungu akatuambia turudi nyuma, na nyuma hapakuwa na pa kurudi. Yule baba akamshusha mtoto, akamkumbatia kifuani, akatanua viwiko kumkinga. Ndani uwanja ukalipuka kwa goli. Mtoto akauliza, "Baba, nani kafunga?" Baba hakumjibu, alikuwa anahangaika asidondoke. Mnadhani mechi iliyofuata yule baba aliuliza kiingilio ni shilingi ngapi?

Hili si jambo la kero tu, ni la roho za watu. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga wakicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger pale Mkapa, msongamano wa kuingia uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine. Wenzetu wa Nairobi walizika watu 7 waliokanyagwa Uwanja wa Nyayo tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia wakicheza na AFC Leopards. Watu wale walikwenda kuangalia mpira. Mama aliyesikia habari hizo redioni akamkataza mwanawe kwenda uwanjani hakukosea hesabu, na hata mkimpa mtoto huyo tiketi ya bure, atamkataza.

Waingereza walipita njia hii kabla yetu, na hesabu zao ni za kutafakari. Msimu wa 1948/49, walioingia viwanjani kwenye madaraja yote ya ligi yao walizidi milioni 41. Msimu wa 1985/86 walikuwa milioni 16 na nusu. Walianguka hivyo wakati kiingilio kilikuwa rahisi, kibarua wa kiwandani akikimudu bila kunung'unika! Watu walikimbia fujo, majukwaa mabovu na kufungiwa nyuma ya nyavu za chuma kama wanyama. Mei 1985 pekee, moto wa jukwaa la mbao la Bradford uliua watu 56, na kabla mwezi haujaisha wengine 39 wakafa Heysel, Brussels, kwenye fainali ya Liverpool na Juventus. Mwaka 1989 ukaja msiba wa Hillsborough, ulioondoka na watu 97. Baada ya hapo viwanja vikajengwa upya, kila mtu na kiti chake. Bei zikapanda, zikapanda tena, na watu wakarudi mpaka tiketi zikawa za kugombaniwa.

Msikimbilie kusema basi bei haina maana. Ina maana kubwa, na hapa nataka tuwe wakweli. Bei haikupunguza idadi ya watu Uingereza, ilibadilisha watu. Kijana aliyekuwa anasimama nyuma ya goli na babu yake alibaki nje, nafasi yake ikachukuliwa na mgeni mwenye kadi ya benki. Februari 2016, Liverpool walipotangaza tiketi ya pauni 77, maelfu walinyanyuka dakika ya 77 wakatoka uwanjani, timu yao ikiongoza mabao mawili. Ilimaliza kwa sare. Wenye klabu wakaufuta mpango ule, na mwaka huo huo ligi ikaweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi ya shabiki mgeni. Kwa hiyo ukiniuliza kama kiingilio kina uzito, nakujibu: kiingilio ndicho kinachoamua nani anaingia. Wangapi wanakuja, hilo huamuliwa na namna mnavyowatendea.

Basi pimeni wenyewe gharama ya mechi kwa fundi cherehani wa Gongo la Mboto. Mechi ni Jumatano saa kumi jioni, maana viwanja vingi havina taa na televisheni ina nafasi zake za kujaza. Tiketi ni elfu tano. Nauli ya daladala kwenda, kubadilisha gari, kurudi. Maji, kwa kuwa chupa aliyotoka nayo nyumbani amenyang'anywa getini. Kitu cha kutafuna. Bado hatujaanza kuhesabu. Ili awahi saa kumi lazima afunge cherehani saa saba au saa nane, aache nguo za wateja wawili watatu ambao walikuwa wazifuate jioni na hela mkononi. Mchana ule aliouacha ndiyo kiingilio chake cha kweli, na hamuwezi kuupunguza kwa tangazo la mitandaoni. Mnaweza kuupunguza kwa kumchezea mechi Jumapili.

Wengine wanalaumu televisheni. Mimi siilaumu. Mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umelisha klabu ambazo zilikuwa zinasafiri bila nauli ya kurudi. Ukitaka kujua kama televisheni ndiyo mwizi wa mashabiki, waangalie Wakenya. SuperSport walikuwa wakionyesha ligi yao, watu wakalalamika kwamba mpira wa sebuleni unaua viwanja. Mwaka 2017 SuperSport wakaondoka. Viwanja havikujaa. Klabu zilibaki bila mashabiki na bila fedha. Lakini Wakenya hao hao, Agosti 2025, timu yao ya taifa ilipocheza michuano ya CHAN nyumbani, waliusonga uwanja wa Kasarani mpaka CAF wakaamuru idadi ya wanaoingia ipunguzwe. Usiniambie watu wale hawapendi mpira. Televisheni inaleta ubaya mmoja tu, na ubaya huo uko ndani ya vichwa vya viongozi wetu: hela ya runinga inaingia jukwaa lijae lisijae, basi mtu wa jukwaani amekuwa kama mapambo. Mnamkumbuka pale kamera inapoonyesha viti vitupu.

Nageukia mikoani, na hapa nina uchungu zaidi. Coastal Union walikuwa mabingwa mwaka 1988. Tukuyu Stars walilibeba kombe mwaka 1986 wakitoka mji mdogo wenye migomba na mvua. Mtibwa Sugar walilichukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, timu ya shambani kwenye miwa! Watu walizijaza mechi zao kwa sababu timu zilikuwa zao. Leo uongozi wa klabu ya mkoani unasubiri kitu kimoja mwaka mzima, ujio wa Simba na Yanga. Mechi ya kawaida kiingilio ni elfu mbili, elfu tatu, na hakuna hata gari la matangazo linalopita mtaani. Mgeni wa Kariakoo akitajwa, bei inaruka mpaka elfu kumi, mahali pengine zaidi, na jukwaa linajaa jezi nyekundu na za njano na kijani, watu wa mji ule ule wakiizomea timu ya mji wao. Klabu imekusanya hela ya siku mbili na kuwapoteza wenyeji wake kwa msimu mzima. Kijana wa Mbeya amejifunza kwamba timu yake ni ukumbi wa kupangisha wageni.

Na pengine klabu hizo hazina uwanja wao. Viwanja vingi vya mikoani ni vya CCM au vya halmashauri. Klabu inalipia, inakatwa, inatoka na kilichobaki. Hiyo haiwezi kuwa sababu ya vyoo vibovu. Ndiyo, vyoo, siogopi kuviandika kwenye mahubiri. Mwanamke hawezi kukaa saa tano mahali ambapo choo hakina mlango wala maji. Mkimfukuza yeye mmemfukuza na watoto, maana mtoto wa miaka minane haendi mpirani peke yake. Halafu miaka kumi mbele mtashangaa kwa nini kijana yule anaijua Arsenal kwa majina ya wachezaji wa akiba na haijui timu iliyo dakika kumi kutoka kwao.

Nendeni Dar es Salaam msimu wa ndondo, mpira wa mitaani, mkaone uwanja wa Kinesi. Vumbi, ukuta umekaliwa, miti imekaliwa, mabati ya majirani yamekaliwa. Hakuna nyota wa kigeni. Kuna fundi simu wa mtaa wa pili anayecheza winga, na mtaa mzima umekuja kumtazama. Kila mtu pale anamjua anayecheza na anajulikana na aliye pembeni yake. Klabu ya Ligi Kuu iliyoshindwa kuwapeleka wachezaji wake shuleni, sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda isijidai kuuliza watu wako wapi.

Nanyi mashabiki, sikuja kuwapaka mafuta. Desemba 2024, Simba walipocheza na CS Sfaxien pale Mkapa, viti viling'olewa na kurushwa. Wa Tunisia walianza au wetu walianza, viti vile vilikuwa vyetu, na CAF wakawafungia Simba milango: Januari 2025 Simba wakaipokea CS Constantine kwenye uwanja usio na watu, siku ambayo maelfu walitamani kuwepo. Aliyekaa karibu na mng'oa kiti akanyamaza alishiriki. Na wewe unayemtukana mwamuzi matusi ya nguoni huku dada wa watu amekaa mbele yako na mwanawe, unalifukuza jukwaa kwa mdomo wako. Wewe pia unayekumbuka timu yako siku ya mkeka wa kubeti tu, ukazifahamu takwimu za kona za ligi ya Norway na huijui siku ambayo timu ya mkoa wako inacheza, jirekebishe. Klabu za Msimbazi na Jangwani, Simba ya 1936 na Yanga ya 1935, hazikuanzishwa na matajiri. Zilianzishwa na watu wa mitaani, zikabebwa kwa michango ya watu waliokuwa na kidogo kuliko ulicho nacho.

Viongozi, fanyeni haya msimu ujao na msisubiri semina. Tangazeni ratiba na muifunge. Atakayeomba kuisogeza mechi ndani ya wiki mbili alipe, na fedha hiyo irudi kwa aliyekata tiketi. Mechi ikiahirishwa watu wakiwa njiani, tiketi irudishwe siku hiyo hiyo kwenye simu aliyolipia, maana simu inayoweza kupokea hela yangu inaweza kuirudisha. Mtoto anayekuja na mzazi aingie bure, na mwanafunzi aliyevaa sare alipe nusu, hata siku Yanga wamekuja, hasa siku Yanga wamekuja. Mwuzieni mwenyeji tiketi ya msimu mzima, kwa bei ya kumfurahisha, ikiwa na kiti kinachojulikana ni chake. Fungueni mageti yote. Wekeni maji chooni.

Na wewe msomaji wa Tanga, wa Bukoba, wa Mwanza ambako Pamba walirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya zaidi ya miaka ishirini, usisubiri wamalize kutengeneza kila kitu. Nenda kwenye mechi isiyo na Simba wala Yanga. Mchukue mwanao, mchukue na wa jirani. Kaa pale, piga ngoma, jua majina ya mabeki wako. Mechi ikiisha usikimbilie bodaboda. Mtafute katibu wa klabu, mwambie kwa jina lako geti gani lilikuwa limefungwa, choo kipi hakina maji, mechi ipi waliisogeza bila kukuambia. Lipia kadi ya uanachama. Na siku ya mkutano mkuu, wakisimama kukuomba kura, wataje mambo hayo moja moja mbele ya watu, na usiketi mpaka wayajibu.